Galaksi ndogo zinazozaa nyota: upe Meru mgongo, utazame kusini

Katikati ya Januari, saa nne usiku, toka kwenye taa za mji wa Arusha, upe Mlima Meru mgongo na utazame kusini, upande wa Simanjiro. Zima simu, macho yanahitaji kama dakika 20 kuzoea giza. Utaiona Suheli, nyota angavu wanayoijua mabaharia wa pwani tangu enzi. Nyoosha mkono: chini yake, kulia kidogo, kama ngumi mbili juu ya upeo, pana kiwingu hafifu ambacho upepo haukisogezi. Hilo ni Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo, yaani kundi kubwa la nyota na gesi, iliyo umbali wa miaka ya nuru 160,000 hivi (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja). Mwenzake, Wingu Dogo, liko chini zaidi mkono wa kulia.

Humo nyota zinazaliwa. Tunajuaje, na hakuna aliyefika? Kwa rangi. Mkaa uliokolea ni mwekundu. Moto wa jiko la gesi ni wa buluu, na ndio mkali zaidi. Nyota nazo ni hivyo. Zile kubwa za buluu humaliza haidrojeni yao kwa miaka milioni chache tu, kwa hiyo tukizikuta nyingi tunajua ni za juzi. Kisha tunautawanya mwanga kama upinde wa mvua na kutafuta mstari mwekundu wa haidrojeni, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 656. Ukiwaka sana, kuna gesi inayochomwa na nyota changa.

Vitabu hupanga galaksi ndogo kwa umbo: zisizo na umbo maalumu, na zile za mviringo zilizokwisha gesi. Mimi nasema tuulize gesi kwanza, maana ndiyo inayozaa nyota. Lakini hata rangi ina mtego. Galaksi iitwayo I Zwicky 18, miaka ya nuru milioni 59 kutoka hapa, ni ya buluu na ina oksijeni kidogo mno (oksijeni hutengenezwa na nyota zilizotangulia), hata baadhi ya wataalamu wakaiita galaksi changa. Mwaka 2007 darubini ya Hubble ikafichua humo nyota nyekundu hafifu zenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 1. Ni kama kuingia bomani, ukawaona watoto uwanjani ukadhani ndoa ni mpya, kumbe bibi na babu wamo ndani.

Ukipata darubini ya mkononi, tafuta doa angavu ndani ya Wingu Kubwa. Ni nebula ya Tarantula, wingu la gesi na vumbi linalozaa nyota. Ingekuwa karibu nasi kama nebula ya Orion, mwanga wake ungetupa vivuli ardhini.