Gede: anzia kisimani

Wageni wengi wakifika Gede, magofu ya mji wa kale wa Waswahili katika pwani ya Kenya, hukimbilia jumba la mfalme. Mimi, kwa kuwa kazi yangu ni maji ya chini ya ardhi, huwapeleka kwanza kisimani, ubavuni mwa Msikiti Mkuu.

Kutoka Malindi ni kama kilomita 16 kuelekea kusini. Nenda asubuhi, jua halijawa kali. Mibuyu imeota katikati ya nyumba, mizizi imeshikamana na kuta, kima wanaruka juu kwa juu. Kivuli ni kizito, na hata watoto wa shule hushusha sauti bila kuambiwa. Wenyeji wanapaheshimu tangu zamani. Wazee husema mizimu ya waliokaa hapa bado ipo na inapalinda. Naamini heshima hiyo imeutunza msitu huu kuliko ua wowote, na inampasa pia mgeni: usitupe sarafu wala jiwe kisimani.

Sasa tazama njia ya maji. Maji yaliyotekwa yalimiminwa kwenye mfereji, yakafika birikani, na hapo watu wakatawadha. Kando pana mahali pa kusugulia nyayo kabla ya kuingia kuswali. Simama hapo kwa muda. Mtu aliyekuwa akitoka shambani na vumbi miguuni alipita hapa hapa, zaidi ya miaka 500 iliyopita.

Maji yenyewe yalitoka wapi, na mto hakuna? Ardhi ya Gede ni jiwe la matumbawe, limejaa matundu, na mvua ya masika huzama humo upesi. Maji matamu ni mepesi kuliko ya bahari, kwa hiyo hukaa juu ya maji ya chumvi mle mle mwambani. Hesabu yetu ni hii: kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, zipo kama mita 40 chini ya usawa huo. Ubaya ni kwamba hesabu hiyo hufanya kazi pia kinyume. Juu pakipungua mita 1, baada ya muda chumvi hupanda karibu mita 40.

James Kirkman, mwanaakiolojia aliyefukua Gede kuanzia 1948, aliona kwamba kisima hiki kiliwahi kuongezwa kina. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko vyombo vyote vya China vilivyopatikana pale. Nani hushuka tena kuchonga mwamba kisimani kama maji bado yapo? Mji ulihamwa katika karne ya 17, nami nadhani maji kupungua ni sababu kubwa; wanahistoria hutaja pia mashambulizi ya Wazimba na Waoromo, na vurugu za Wareno. Sizikatai sababu hizo. Lakini vita vikiisha watu hurudi makwao, na Gede hawakurudi.

UNESCO iliiingiza Gede katika Urithi wa Dunia mwaka 2024, nasi tumefurahi. Ila mwamba wa matumbawe haukuishia kwenye ukuta wa magofu. Unaendelea chini ya Watamu, mji wa jirani ufukweni, chini ya hoteli na majumba yenye visima vya pampu. Mwenye kisima huko, nakuomba upime chumvi ya maji yako kila mwezi, uandike, na ikianza kupanda upunguze saa za pampu mpaka masika.