Integer mbili zenye 128 ndani si lazima ziwe sawa

Wiki hii nimeambiwa tena: "Mwalimu, kodi ilikuwa inafanya kazi vizuri, sijui Java imepatwa na nini." Java, lugha tunayoandikia programu, haijapatwa na kitu. Kijana alilinganisha Integer mbili kwa ==, alama ya kuuliza kama vitu viwili ni sawa, akajaribu na 100, akapata true (kweli). Ilipoingia oda namba 128, ikaja false (si kweli).

Dhana inayoleta balaa hili ni kwamba int na Integer ni kitu kimoja, eti kwa kuwa tangu Java 5, mwaka 2004, lugha inabadilisha kimoja kuwa kingine yenyewe. Si kitu kimoja. int ni thamani tupu ya biti 32. Integer ni obijekti iliyoibeba thamani hiyo, kama karanga ndani ya ganda. Ukiweka == kati ya Integer mbili, Java haipasui ganda; inaangalia tu kama ni ganda lile lile kwenye kumbukumbu.

Mbona 100 ilipita? Ukiandika Integer a = 100, kompaila, programu inayotafsiri kodi yako, huita Integer.valueOf(100), na valueOf ina akiba ya obijekti zilizokwisha kutengenezwa, kuanzia -128 hadi 127. Ukiomba 100 mara mbili unapewa obijekti ile ile. Ukivuka 127, kwa kawaida kila ombi linatengenezewa yake. Usiniamini mimi, fungua jshell, chombo cha kujaribia mistari ya Java mmoja mmoja:

Integer a = 127, b = 127;
a == b
Integer c = 128, d = 128;
c == d

Utaona true, kisha false. Kinachoniumiza ni kwamba majaribio yetu tunayaandika kwa 1, 5 na 10, namba zote za kwenye akiba, kwa hiyo kosa linalala hadi data ya kweli iingie. Tumia equals, inayolinganisha thamani zilizo ndani ya ganda: c.equals(d). Kama upande wowote unaweza kuwa null, yaani hakuna obijekti yoyote, tumia Objects.equals.

Wapo wanaodhani equals haijali aina. Inajali: Long (ganda la long, namba nzima ya biti 64) yenye 1 ukiiuliza equals(1) inajibu false, maana hiyo 1 imegeuka Integer. Andika 1L.

Wengine husema kutoa thamani kwenye ganda hakuna hatari. int idadi = stoo.get("sukari") inaonekana salama kabisa, lakini stoo ni Map, jedwali la majina na thamani zake, na kama sukari haimo humo, get inarudisha null na programu inakufa kwa NullPointerException, kosa la kutumia null kana kwamba ni obijekti.

Na orodha.remove(1) kwenye List (orodha) ya Integer haiondoi namba 1. Inaondoa kilicho nafasi ya 1, yaani cha pili, maana nafasi zinahesabiwa kuanzia 0. Kuondoa namba yenyewe, andika orodha.remove(Integer.valueOf(1)).

Mimi huandika int kila mahali, Integer nikilazimika tu: ndani ya List na Map, au pale ambapo "hakuna thamani" ni jibu halali. Jumla ndani ya lupu iwe long kwa herufi ndogo. Ukiandika Long, karibu kila mzunguko unatengeneza obijekti mpya ya kutupa.