Maana ya kubalansi klachi

Mwalimu wa udereva wa Kampala anapomwambia mwanafunzi wake abalansi klachi (kifaa kinachounganisha injini na magurudumu na kuvitenganisha), anamtaka auinue mguu wa kushoto taratibu hadi klachi ianze kushika, kisha autulize hapo kwa muda mfupi kabla ya kuiachia pedali kabisa.

Injini iliyowashwa gari likiwa limesimama huzunguka kiasi cha mara 700 hadi 900 kwa dakika, ilhali magurudumu yametulia tuli; ukiviunganisha ghafla, gari huruka kama chura na injini huzimika. Ndani ya klachi mna sahani inayobanwa kwa springi dhidi ya gurudumu zito la injini, ambalo mafundi huliita flaiwili. Ukikanyaga pedali, sahani huachiliwa. Ukiinua nusu, sahani hugusa flaiwili huku ikiteleza, na kule kuteleza ndiko kunakopitisha nguvu kidogo kidogo mpaka vyote viwili vizunguke pamoja.

Dalili ya kwamba klachi imeshika ni mlio wa injini kushuka, usukani kutetemeka kidogo na boneti kuinuka kwa mbele. Wanaoanza hupenda kuinamia miguu yao, jambo la hatari na lisilo na faida, kwa kuwa hapa sikio hufundisha kuliko jicho.

Kosa kubwa huonekana mlimani. Jioni, katika foleni ya kupanda Makerere kutoka Wandegeya, wapo madereva wanaolizuia gari lisirudi nyuma kwa klachi na mafuta tu. Gari hutulia kweli, lakini sahani husuguliwa muda wote, ikapata moto, na harufu kali ya kuungua ikaingia ndani, harufu ambayo sisi abiria wa taksi huwa tunadhani inatoka kwenye gari la mbele. Sahihi ni kulishikilia gari kwa breki ya mkono, kutafuta mahali klachi inaposhika, kuongeza mafuta kidogo, ndipo breki iachiliwe.

Kuegemeza mguu juu ya pedali safari nzima nako huila bure beringi ya klachi, kile kipande kinachoisukuma springi pedali inapokanyagwa. Na katika mteremko mrefu, kama ule wa Kanaba unaoshuka kuelekea Kisoro, anayekanyaga klachi ili gari "litembee lenyewe" huitenga injini na magurudumu, ikashindwa kusaidia kupunguza mwendo, na mzigo wote ukaziangukia breki.