Je, wajua kwa nini njia za Mapango ya Amboni haziwezi kutokezea Kilimanjaro?

Kilomita kama nane kaskazini mwa mji wa Tanga, kando ya barabara ya Mombasa, kuna njia inayokata kuingia Kiomoni hadi kwenye Mapango ya Amboni. Wengi wetu tumeyajua kwa kusimuliwa kabla ya kuyaona. Tumeambiwa yana miaka milioni 150, kwamba yalichimbwa na bahari, na kwamba humo ndani kuna njia inayotokea Mombasa na nyingine Kilimanjaro. Kipo na kisa cha Wazungu walioingia na mbwa wao wakapotelea gizani, mbwa akaja kuonekana huko mlimani.

Madai haya husemwa kwa pumzi moja, na kila moja lina kasoro yake.

Umri kwanza. Hiyo milioni 150 ni hesabu ya jiwe, si ya pango. Mawe ya chokaa ya Amboni ni ya kipindi cha Jurasiki, kilichokwisha takriban miaka milioni 145 iliyopita. Wakati huo sehemu hii ilikuwa chini ya bahari, na makombe pamoja na tope la chokaa vilikuwa vikijilaza sakafuni tabaka juu ya tabaka, hadi vikagandamana vikawa mwamba. Pango ni uwazi uliotokea ndani ya mwamba huo baadaye sana, baada ya nchi kuinuka na mvua kuanza kuifikia. Kumpa pango umri wa jiwe ni kuruka sehemu kubwa ya historia yake.

Bahari basi ililileta jiwe, lakini haikulitoboa. Maji ya bahari yetu ya joto tayari yamejaa chokaa, ndiyo maana matumbawe yanajijenga humo badala ya kuyeyuka. Mawimbi yanaweza kula mwamba ufukweni na kuacha mabega yaliyochongoka, lakini hayatengenezi vyumba na vichochoro virefu vinavyopinda ndani ya kilima.

Kazi hiyo ni ya maji ya mvua, na hapa inafaa kwenda polepole, kwa sababu ukielewa jambo hili moja hadithi ya Kilimanjaro inajijibu.

Maji matupu hayaliwezi sana jiwe la chokaa. Lita moja ya maji safi kabisa huyeyusha kama miligramu 14 tu. Mvua inapopita angani hubeba hewa ya ukaa kidogo na kuwa asidi hafifu, na uwezo wake hupanda hadi miligramu 50 na ushei. Mabadiliko makubwa yanatokea kwenye udongo. Mizizi inapumua, majani yanaoza, vijidudu vinafanya kazi, na hewa iliyonaswa kati ya chembe za udongo inakuwa na ukaa mara kumi hadi mara mia zaidi ya hewa tunayoivuta sisi. Maji yanayochuja humo yanaweza kuyeyusha miligramu 200 au zaidi kwa lita. Kwa hiyo pango linaanzia juu, kwenye msitu na majani yake yanayooza.

Hata hivyo ni kazi ndefu. Mita moja ya ujazo ya jiwe hili ina uzito wa tani mbili na nusu hivi. Kwa kiwango cha miligramu 200 kwa lita, kuliondoa lote kunahitaji lita milioni 12 na nusu za maji, yaani maboza 1,250 yenye lita elfu kumi kila moja. Hizo ni kwa mita moja ya ujazo tu, ilhali ndani ya Amboni mna ukumbi ambao watu wanasimama kundi zima na dari ikabaki juu kabisa ya vichwa vyao.

Maji hayasambazi nguvu zake sawasawa. Yanafuata nyufa. Ufa uliotangulia kupanuka kidogo unapitisha maji mengi zaidi, na maji mengi yanaupanua zaidi, hadi ule mmoja unakuwa njia kuu na majirani zake wanabaki nyembamba kama walivyokuwa. Muda wote huo njia imejaa maji. Bonde la mto linapochimbika likashuka, maji ya chini ya ardhi nayo hushuka, na njia inabaki na hewa. Hapa mito yenyewe ni Mkulumuzi na Sigi, inayopita jirani na mapango.

Hewa ikishaingia, kazi inageuka. Mulika tochi kwenye ncha ya jiwe linaloning'inia darini utaona tone limejikusanya, limetulia kabla ya kudondoka. Tone hilo limetoka udongoni likiwa na ukaa mwingi, na sasa limefika mahali ambapo hewa ina ukaa mchache zaidi. Gesi inatoka, kama soda inavyotoa gesi ukifungua kizibo, na bila ile gesi maji hayawezi tena kubeba chokaa yote. Inayozidi inabaki ukingoni mwa tone, pete nyembamba kuliko ukucha. Tone linaanguka, jingine linakuja, pete juu ya pete. Kinachobaki juu kinarefuka kushuka, na panapoangukia matone jiwe jingine linaota kuelekea juu. Mawe haya ya matone ndiyo wataalamu huyapima kwa urani na thori, elementi za mionzi zilizomo ndani yake, ili kupata umri unaohusu pango lenyewe, na kipimo hicho hufika nyuma kiasi cha miaka laki tano.

Sasa turudi kwenye safari ya Kilimanjaro. Kwa mstari ulionyooka ni karibu kilomita 300. Ukielekea bara kutoka Amboni, mawe ya chokaa yanakwisha mapema. Yanafuata mawe ya mchanga, kisha unapanda Usambara, ambako mwamba ni naisi, jiwe lililopikwa na kukandamizwa chini ardhini zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Naisi haiyeyuki kwa asidi ile hafifu ya mvua kwa namna ya kufungua vichochoro. Mbele zaidi Kilimanjaro ni volkano isiyofikisha miaka milioni 3, na mapango yake ni ya lava, yamezaliwa kwa moto. Hakuna jiwe moja linalounganisha sehemu hizi mbili, kwa hiyo maji hayakuwa na pa kupitisha njia.

Ya Mombasa ina mantiki zaidi, kwa kuwa pwani ya Kenya nayo ina mawe ya chokaa ya Jurasiki. Lakini ni zaidi ya kilomita 100, na katikati kuna mito, ukiwemo Umba, iliyokata ardhi kuelekea baharini. Njia iliyo juu ya usawa wa maji ingekatwa na mabonde hayo, na iliyo chini yake ingekuwa imejaa maji. Upimaji uliofanywa mwaka 1994 ulikuta mifumo kumi ya mapango iliyotengana, na mrefu kuliko yote ulikuwa na mita 900. Bila shaka zipo nyufa ambazo mtu hawezi kupenya, na maji yanapita humo. Mbwa hapiti.

Nadhani hadithi imedumu kwa sababu za haki kabisa. Ukisimama kwenye baadhi ya vichochoro unasikia upepo usoni, na ni rahisi kuamini unatoka mbali, ingawa tofauti ya joto kati ya matundu mawili ya kilima kilekile inatosha kuusukuma. Halafu kuna Osale Otango, ambaye Tanga inasimulia kwamba miaka ya 1950 alijificha humu akisakwa na askari wa mkoloni. Waliokuwa upande wake walihitaji kuamini kwamba pango lina mlango wa pili, mbali kuliko askari wanavyoweza kufika. Kuna pia wanaoingia na ubani na maombi yao kwenye mzimu, na kwao kina cha pango hakipimwi kwa mita.

Jiwe hilihili linachomwa chokaa, na jamii yake ndiyo malighafi ya saruji ya Pongwe. Asidi ya mvua ilihitaji maboza 1,250 kuondoa mita moja ya ujazo. Baruti huondoa mamia kwa mlipuko mmoja, ndiyo maana mipaka ya hifadhi pale Kiomoni ina uzito kuliko umbali wowote tunaouhadithia.