Tithonia pekee haitoshi kuchukua nafasi ya mbolea ya dukani

Vihiga na Siaya, magharibi mwa Kenya, wengi huamini tithonia, kile kichaka cha maua ya manjano kwenye ua, inatosha badala ya mbolea. Nitrojeni na potasiamu inazo tele. Fosforasi, ambayo udongo mwingi wa huku umepungukiwa, ni kidogo mno. Iongeze kwa TSP au DAP, mbolea za dukani zenye fosforasi nyingi.

Tena majani mabichi karibu asilimia 80 ni maji: ukitaka tani 5 kavu kwa hekta, ni tani 25 mbichi za kubeba! Kwa hiyo yaweke kwenye eneo dogo, kama la sukuma wiki, kilo 10 kwa tuta la mita 1 kwa 4. Katakata majani na ncha laini, fukia kina cha sentimita 15, panda baada ya wiki. Shina gumu liache: vijidudu vinavyoliozesha huchukua nitrojeni ya udongo, miche ikageuka manjano.