Polio "Iliyokwisha": Yasemwayo Barazani Lamu na Ukweli Wake

"Polio si iliisha, jamani?" Swali hili huwapokea watu wa matone ya chanjo ya polio, maradhi yanayopoozesha watoto, wakipita vichochoroni Langoni, na si la kipuuzi. Mwaka 2020 Afrika ilitangazwa kuwa haina tena kirusi cha asili cha polio. Lakini Pakistan na Afghanistan kilibaki, na mwaka 2022 Malawi na Msumbiji zikatangaza wagonjwa wa kirusi chenye asili ya Pakistan. Jirani zetu wa Kiunga, walio karibu na mpaka, wanajua maradhi hayaombi pasi: mlipuko wa Somalia wa 2013 uliingia Kenya.

"Hakuna mtoto aliyepooza hapa, basi tuko salama." Hapa ndipo penye ugumu wenyewe. Ndui, maradhi yaliyokwisha kutokomezwa kwa chanjo, ilijionyesha mwilini. Ukamjua mgonjwa, ukawachanja waliomkaribia. Polio hujificha. Katika watu 200 walioambukizwa, takriban mmoja tu hupooza; wengine wazima, wanacheza, huku choo chao kikitoa kirusi kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana hupimwa maji taka: mwaka 2018 kirusi kilipatikana kwenye maji taka ya Eastleigh, Nairobi, bila mtoto yeyote kuonekana amepooza. Ali Maow Maalin wa Merka, mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida, mwaka 1977, baadaye alihimiza chanjo ya polio kwao Somalia. Alifariki 2013, kazi ikiwa bado.

"Matone yanaua uzazi." Uvumi huu ulisimamisha chanjo Kano, Nigeria, mwaka 2003, na kirusi kikasambaa nchi nyingi. Kano ilikubali tena 2004 ilipoletewa chanjo kutoka Indonesia, kwa Waislamu wenzao. Mwaka uliofuata, watoto wa Indonesia hiyo hiyo wakapoozeshwa na kirusi kilichotoka Nigeria.

"Chanjo yenyewe huleta polio." Si uongo mtupu, na wanaokana jambo hili kabisa hupoteza imani ya watu bure. Matone yana kirusi hai kilichodhoofishwa. Pale watoto wengi hawajachanjwa, kinaweza kuzunguka muda mrefu, kikageuka, kikapata tena nguvu ya kupoozesha. Waliochanjwa wakiwa wengi, hakipati pa kuzunguka.

"Dawa huharibika kwa jua la boti." Faza na Kizingitini ni safari ya bahari, kweli. Basi tazama kichupa: kina duara lenye mraba ndani, unaokolea rangi kwa joto. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, dawa nzima. Ukilingana nalo au ukawa mweusi zaidi, hutupwa. Mwambie mhudumu akuonyeshe kabla mtoto hajafungua kinywa.