Pango Dogo Nalo Lipimwe

Kwa miaka mingi watu wa Tanga wamesimuliana kwamba mapango ya Amboni hayana mwisho: njia moja inatokea Mombasa, nyingine inafika hadi Kilimanjaro. Mwaka 1994 watafiti wa Kijerumani na Kituruki waliingia na vifaa vya kupimia wakatoka na jibu jingine. Pale pana mifumo kumi ya mapango iliyoachana, na pango refu kuliko yote lina mita 900 tu. Simulizi halikufa kwa sababu hiyo, wala halikupaswa kufa, maana nalo ni sehemu ya historia ya mahali. Lakini tangu hapo anayetaka kujua njia zinakwenda wapi na zinaishia wapi ana kitu cha kushika mkononi.

Mapango mashuhuri hupata bahati hiyo. Yanayonikosesha raha ni yale madogo: pango la mita ishirini au thelathini lililo kwenye kilima nyuma ya mashamba ya mihogo, linalojulikana na wachungaji na mzee mmoja anayepeleka ubani. Halina mchoro, halina picha yenye kipimo, halimo katika orodha yoyote. Mawe ya chokaa ndiyo malighafi ya saruji, na machimbo yakifika kwenye kilima kile, pango linaondoka na kila kilichokuwamo bila mtu kujua nini kimepotea.

Na kilichomo kinaweza kuwa kikubwa kuliko pango lenyewe. Katika pango la Panga ya Saidi, kaunti ya Kilifi, watafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao wa nje walikuta kaburi la mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyelazwa kwa ubavu kama mita tatu chini ya sakafu ya leo. Amekaa pale takriban miaka 78,000. Habari hiyo ilipotangazwa mwaka 2021, alitambuliwa kuwa binadamu wa kale zaidi anayejulikana kuzikwa kwa makusudi barani Afrika. Upande wa Unguja, udongo wa pango la Kuumbi umetoa mifupa ya pundamilia, mnyama asiyeishi kisiwani leo, ambayo inatukumbusha kwamba wakati maji ya bahari yalipokuwa chini, Unguja ilikuwa imeungana na bara. Ushahidi wote huo ulikuwa sakafuni, mahali tunapokanyaga bila kufikiri.

Mawe mawili, tabia mbili

Kabla ya kupima chochote, jua umesimama kwenye mwamba gani. Pwani yetu ina sehemu ambazo mawe ya chokaa hukutana na mawe ya mchanga. Kilifi, upande wa Kambe na Jibana, mawe ya chokaa ya zama za Jura, zama za dinosaria, yanapakana na mawe ya mchanga ya Mazeras ambayo ni ya kale zaidi. Pango dogo lililo karibu na mpaka wa namna hiyo hufundisha mengi kuliko pango refu la jiwe la aina moja.

Jiwe la chokaa huliwa na maji. Mvua inapopita hewani, na zaidi inapopenya kwenye udongo wenye mizizi na majani yaliyooza, hubeba hewa ya kaboni dayoksaidi na kuwa asidi hafifu. Asidi hiyo huingia kwenye nyufa na kuyeyusha jiwe kidogo kidogo kwa maelfu ya miaka mpaka ufa unakuwa njia. Maji yaleyale yakidondoka ndani ya pango lenye nafasi, ile kaboni dayoksaidi hutoka, na chokaa iliyokuwa imeyeyuka hurudi kuwa jiwe. Ndivyo stalaktiti zinavyoning'inia darini na stalagmiti zinavyoinuka sakafuni. Nyingi hukua kwa sehemu ya kumi ya milimita kwa mwaka, au chini ya hapo. Kijana akivunja kipande cha urefu wa kidole kwenda nacho nyumbani, amebeba kazi ya karne nyingi.

Jiwe la mchanga ni habari nyingine. Chembe zake ni za kwazi (quartz), madini magumu ambayo maji ya mvua hayayayeyushi kwa urahisi. Pango hutokea pale ambapo gundi inayoshikanisha chembe hizo imedhoofika, au chumvi na unyevu vinapoumenya uso wa jiwe, au chemchemi inapotoka na kuondoka na mchanga. Kwa hiyo mapango mengi ya mawe ya mchanga ni mafupi, yenye mdomo mpana na dari ya duara, wakati ya chokaa hufuata nyufa na kujikunja.

Kuyatofautisha hakuhitaji maabara. Okota kipande kilichokwisha kuanguka chenyewe. Usigonge ukuta. Kikwangue kwa kisu: chokaa itachubuka, kwazi itabaki bila alama na inaweza hata kukwangua kioo. Weka tone la siki kali juu ya unga uliotoka, na ukiona viputo ujue una chokaa. Wanajiolojia hutumia asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa hadi asilimia 10, ambayo huchemka waziwazi. Tahadhari moja tu: kuna mawe ya mchanga yaliyogandishwa kwa chokaa, nayo hutoa viputo. Tumia vipimo vyote viwili, kisha usugue kwa kidole uone kama chembe za mchanga zinatoka.

Mkikuta ndani ya pango mstari ambapo jiwe moja linaishia na jingine linaanza, huo ndio utajiri wenu wa siku hiyo. Uchoreni kwa makini. Katika kila kituo cha kupimia, andikeni mstari huo uko juu kiasi gani kutoka sakafuni. Vipimo vichache vya namna hiyo vikiwekwa pamoja vitaonyesha matabaka yameinamia upande gani, na mara nyingi vitaeleza kwa nini pango linapanuka hapa na kuziba pale: maji yaliyokuwa yakila chokaa yalifika kwenye tabaka lisiloyeyuka, yakageuka na kutambaa juu yake.

Ruhusa, pumzi na popo

Pango huwa na wenyewe. Mengi ya pwani ni mizimu, mahali pa kuomba na kutambikia, na mengine yamo ndani ya misitu ya kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, ambayo baadhi yake iliingia kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Anza kwa wazee. Ukiambiwa uvue viatu, vua. Ukiambiwa kuna chumba kisichoingiwa, kiache, na kwenye ramani kionyeshe kwa mstari wa nukta. Ramani yenye nafasi tupu iliyoachwa kwa heshima ni bora mara nyingi kuliko iliyokamilika kwa ubishi. Kisha kuna sheria. Kupima na kuchora ni jambo moja, kutafuta na kuchimba mambo ya kale ni jingine, na hilo la pili linahitaji kibali: Kenya chini ya Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006, Tanzania Bara chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 pamoja na marekebisho yake. Zanzibar ina mamlaka yake ya makumbusho na mambo ya kale.

Msiingie wawili. Wanne ni idadi nzuri, kwa sababu mmoja akiumia, mmoja hubaki naye na wawili wanatoka pamoja kutafuta msaada. Kila mtu awe na helmeti na taa tatu zinazojitegemea. Tochi ya simu isihesabiwe. Aliyebaki nje ajue saa ya kutoka kwenu na nani wa kumpigia simu ikipita. Wakati wa masika achaneni na pango lolote lenye dalili za maji kupita. Na mkishuka kwenye shimo mkahisi pumzi zinakwenda mbio au kichwa kinagonga, tokeni papo hapo. Kaboni dayoksaidi ni nzito kuliko hewa ya kawaida na hutuama mabondeni. Mshumaa unaowaka si kinga ya kutegemea, kwa kuwa gesi hiyo inaweza kukudhuru mshumaa ukiwa bado unawaka.

Suala la popo nalisema kwa uzito kwa pande mbili. Upande wa kwanza ni afya yako. Popo wa matunda wa mapangoni, anayejulikana kwa wanasayansi kama Rousettus aegyptiacus, hubeba virusi vya Marburg, vinavyoleta homa kali ya kuua. Wagonjwa wawili, wa mwaka 1980 na 1987, walikuwa wametembelea pango la Kitum kwenye Mlima Elgon, na wote wawili walifariki. Mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alifariki baada ya kuingia katika pango lenye popo kwenye msitu wa Maramagambo, Uganda. Mbali na Marburg, vumbi la kinyesi cha popo huweza kubeba kuvu wanaoshambulia mapafu, na nyufa za sakafu huweza kuwa na papasi. Pango lenye kundi kubwa la popo wa matunda si la kuingiwa na wasio na vifaa na mafunzo. Kwenye mapango mengine vaeni barakoa inayobana vizuri, mikono mirefu na glavu, na mnawe kabla ya kula.

Upande wa pili ni afya ya popo wenyewe. Popo anayenyonyesha akishtuliwa na mwanga huruka, na mtoto huweza kuanguka asiokotwe tena. Pwani ya Kenya na Tanzania ni makazi ya popo kama Taphozous hildegardeae, ambaye hajulikani kuishi nje ya nchi hizi mbili na anayategemea mapango haya. Mkikuta watoto wa popo, rudini miezi mingine. Pango litangoja.

Kupima

Vifaa ni vichache: futi ya kamba au kipimaumbali cha laza, dira, kipimamwinamo, kitabu kisichoharibiwa na maji na penseli. Kalamu ya wino huwaangusha watu kwenye unyevu. Mwenye uwezo anaweza kupata DistoX, kifaa kilichobuniwa na Beat Heeb wa Uswisi, ambacho husoma umbali, mwelekeo na mwinamo kwa mara moja na kutuma kwenye simu. Lakini kwa pango la mita thelathini, vifaa vya mkono vinatosha kabisa.

Kazi huenda kwa vituo. Kituo cha kwanza kiwe mdomoni mwa pango, mahali panapoweza kupatikana tena hata baada ya miaka ishirini, na GPS isomwe hapo hapo nje, kwa kuwa ndani haifanyi kazi. Kutoka hapo mtu mmoja hutangulia hadi pale anapoonekana bado, na pale anapogusa ukuta au jiwe panakuwa kituo cha pili. Msomaji hupima umbali, mwelekeo na mwinamo na kuvitamka kwa sauti. Mchoraji huvirudia kwa sauti kabla ya kuandika. Kisha katika kila kituo hupimwa umbali wa kufika ukuta wa kushoto, wa kulia, dari na sakafu.

Tuseme kutoka kituo cha kwanza hadi cha pili ni mita 6.40, na njia inashuka kwa nyuzi 15. Kwenye ramani umbali huo si mita 6.40. Zidisha kwa kosaini ya 15 upate mita 6.18 za ulalo, na kwa saini ya 15 upate kwamba mmeshuka mita 1.66. Asiyefanya hesabu hii hutoa pango refu kuliko lilivyo, na mchoro wake hautafungana.

Adui mkubwa wa dira ni chuma. Betri ya taa ya kichwani, kisu kiunoni, hata fremu ya miwani vinaweza kuivuta sindano. Ndiyo maana kila mara msome na kinyume: kutoka cha pili kuelekea cha kwanza, tofauti iwe nyuzi 180. Ikizidi au kupungua kwa zaidi ya nyuzi moja au mbili, rudieni kabla hamjasogea. Kipimo cha daraja la tano la Chama cha Utafiti wa Mapango cha Uingereza kinataka pembe zenye usahihi wa nyuzi moja na vituo vinavyojulikana kwa chini ya sentimita 10. Kundi makini la wanafunzi wa sekondari linaweza kufikia hapo.

Simu mpya zenye kihisi cha laza zinaweza kutoa umbo zima la pango dogo kwa dakika chache, nami nazipenda. Ila haziondoi haja ya mchoro. Simu hunasa uso tu. Mchoraji ndiye anayeamua kwamba rundo lile ni mawe yaliyodondoka darini na si ukuta, kwamba udongo huu umeletwa na maji, kwamba doa lile jeusi ni moshi wa moto wa watu. Kwa hiyo mwendo wa kundi ufuate mkono wa mchoraji. Kwa kipimo cha 1:100, pango la mita thelathini linaenea kwenye karatasi ya A3: mchoro wa kutoka juu, wa ubavu, na mikato miwili mitatu ya kukatiza njia. Weka mshale wa kaskazini, mstari wa kipimo, tarehe na majina ya waliopima. Tarehe ni ya lazima kwa sababu kaskazini ya dira huhama.

Picha zipigwe kukiwa na rula ya sentimita 10 au mtu kando, na mwanga utoke ubavuni ili mikunjo ya jiwe ionekane. Mkiona vigae, mifupa au zana za mawe, piga picha, weka mahali pake kwenye mchoro, na mviache palepale. Kigae kilichohamishwa hakiwezi tena kumwambia mwanaakiolojia kilikuwa cha tabaka lipi. Msiandike namba za vituo ukutani kwa rangi. Vipande vya utepe vinatosha, navyo vitoke nanyi.

Mkimaliza, tengenezeni nakala tatu: moja kwa wazee wenye pango, moja kwa ofisi ya makumbusho au mambo ya kale iliyo karibu, na moja ibaki kwenu pamoja na kitabu cha vipimo ghafi, kwa sababu atakayekuja kusahihisha atahitaji namba na si mchoro peke yake. Mchoro unaweza kubandikwa shuleni. Namba za GPS zibaki kwa zile pande tatu, zisiwekwe mitandaoni, kwa kuwa wanaotafuta vitu vya kale vya kuuza nao wanajua kusoma.